Kuwatunza Sungura Wakati wa Makelele ya Sikukuu

Muhula huu unakaribia kwisha, na karibu sote tutafungasha masanduku yetu kwenda nyumbani kula sikukuu. Wengine watabaki hapa Bukoba mjini, Kashai, Hamugembe na Rwamishenye. Wengine tutashika barabara ya kusini kwenda Muleba, Kamachumu na Nshamba. Najua ya kuwa katika shule yetu wamo wengi wanaofuga sungura nyumbani kwao, wawili watatu, si kwa kitoweo bali kwa mapenzi tu. Hao ndio ninaowaandikia somo hili. Lakini hata asiyefuga sungura aweza kupata faida, kwa maana mbuzi, kuku na mbwa nao wana masikio.

Siandiki kwa sababu mimi ni bingwa. Naandika kwa sababu nilimpoteza sungura mmoja kwa ujinga wangu mwenyewe, na sipendi mwenzangu apotewe na wake kwa njia ile ile.

Habari za Kahawa

Nilipomaliza kidato cha kwanza, shangazi yangu alinipa sungura wawili, wote majike. Mmoja alikuwa wa rangi ya hudhurungi, nikamwita Kahawa. Wa pili alikuwa wa kijivu, nikamwita Majivu. Baba alinijengea kibanda cha mbao na wavu wa waya nyuma ya jiko, pale kibanja chetu kinapoanzia. Nyumbani kwetu ni upande wa Kamachumu.

Kama mjuavyo, mwezi wa Desemba ndugu zetu walio mbali hurudi nyumbani. Mwaka ule walikuja kutoka Mwanza na Dar es Salaam, nyumba ikajaa. Baba mdogo alikuja na spika mbili kubwa pamoja na jenereta, akaziweka uani, hatua saba tu kutoka kibanda cha sungura. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya palikuwa na muziki, ngoma, vigelegele na madebe yakigongwa. Nami sikuwaza habari za sungura hata kidogo. Nilifurahi kama wote.

Karibu na saa sita usiku watoto wadogo waliniomba niwaonyeshe sungura. Nilikuwa na majivuno ya kuwa na kitu cha kuonyesha. Nikamtoa Kahawa kibandani, nikampa mtoto wa baba mdogo, mwenye umri wa miaka sita, amshike. Wakati ule ule vijana waliokuwa barabarani wakawasha fataki. Kahawa alipiga teke mara moja tu, kwa nguvu zake zote. Hakuanguka, mtoto alikuwa angali amemkumbatia. Lakini nilipompokea, miguu yake ya nyuma ilining'inia kama kitambaa kilicholowa maji.

Asubuhi bwana mifugo alikuja. Alimpapasa mgongo taratibu, akasema uti umevunjika, wala hautaungika, na huruma iliyobaki ni kumpunguzia maumivu. Nikakubali. Tulimzika chini ya mgomba. Yule mtoto aliniuliza, "Kaka, ni mimi niliyemuua?" Nikamwambia, "Hapana. Ni mimi niliyekupa."

Kabla ya kuondoka, bwana mifugo aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau: "Fataki ilipolia, sungura huyu alikuwa na shimo la kuingia?" Nikajibu kwamba hakuwa nalo. Akasema, "Basi, na huyu aliyebaki mpe shimo." Maneno hayo machache ndiyo somo langu lote. Yaliyobaki ni maelezo yake.

Sungura wa Ngano na Sungura wa Kibandani

Katika ngano zetu sungura ni mjanja anayemshinda simba na fisi. Yule ni sungura wa porini, ambaye hulala juu ya ardhi katika majani, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Akishtuka hutimua mbio uwandani, na mbio ndizo ngao yake.

Sungura wa kibandani ni wa aina nyingine kabisa. Asili ya mababu zake ni nchi za Hispania na Ureno, nao waliishi kwa makundi katika mashimo waliyoyachimba wenyewe. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, wakifumbua macho yapata siku ya kumi, kwa kuwa walikusudiwa kukaa gizani ndani ya shimo. Huyu akishtuka hafikirii kukimbia mbali. Afikiri kuingia shimoni. Sisi tumemtoa shimoni tukamweka katika kibanda chenye waya pande zote, ambamo kila kitu chaonekana na kila sauti yaingia. Kwa macho yetu kibanda hicho ni kizuri. Kwa sungura ni kama mtu aliyefungiwa uwanjani huku simba ananguruma.

Maumbile yake yote yaonyesha kwamba ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pande mbili za kichwa, hata aweza kuona karibu kila upande bila ya kugeuka. Masikio yake hugeuka kila moja peke yake kutafuta sauti. Sikio la mwanadamu husikia mitikisiko hadi 20,000 kwa sekunde. La sungura husikia zaidi ya 40,000. Kwa hiyo katika kelele ya sikukuu zimo sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa, naye azisikia. Tena miguu yake hutambua mtikisiko wa ardhi. Akihisi hatari hupiga chini kwa mguu wa nyuma kuwaonya wenzake, nanyi mmeisikia sauti hiyo usiku, "ndu! ndu!"

Hofu Hufanya Nini Mwilini

Watu husema, "Sungura aliogopa tu, atazoea." Yafaa tujue kwamba kwa sungura hofu si jambo dogo. Yaweza kumdhuru kwa njia nne.

Ya kwanza ni mgongo. Mifupa yote ya sungura ni kama sehemu 8 tu katika 100 za uzito wake, lakini misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu nyingi mno. Akipiga teke huku ameshikwa vibaya, misuli yake mwenyewe huuvunja uti wake. Ndivyo ilivyompata Kahawa.

Ya pili ni moyo na joto. Moyo wa sungura hupiga mara 180 hata 300 kwa dakika hali ametulia, na hofu huuongeza. Joto la mwili wake ni nyuzi 38.5 hata 40. Hatoki jasho kama sisi. Hutoa joto hasa kwa masikio. Sungura mwenye hofu aliyefungiwa mahali pasipo hewa aweza kufa kwa joto.

Ya tatu ni tumbo. Tumbo la sungura halina budi kufanya kazi mchana na usiku. Hofu ikimzuia kula, matumbo husimama, hewa hujaa, naye hawezi kutapika. Sungura asiyekula kwa muda wa nusu siku tayari ni mgonjwa. Akipitisha siku nzima, maisha yake yako hatarini. Ndiyo sababu wengine hufa siku mbili baada ya sikukuu, na watu wakadhani wamelogwa au wamepewa sumu.

Ya nne ni watoto. Mama aliyeshtuka aweza kuruka juu ya watoto wake akawakanyaga, au akawaacha, au hata akawaua.

Labda mtu atauliza kwa nini sungura haelewi kuwa ni furaha tu. Mama yangu hunijibu kwa kunikumbusha tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani. Asema kwamba kwa majuma mengi baadaye, lori zito likipita tu, watu wazima walitoka nje mbio. Hakuna aliyewacheka, kwa maana mwili ulikuwa umekwisha kujifunza hofu kabla ya akili kupata nafasi ya kusema. Sungura naye ni hivyo, na tena hawezi kuambiwa kwamba leo ni Krismasi.

Mambo ya Kufanya Majuma Mawili Kabla

1. Chagua mahali mapema. Sungura huchukia kuhamishwa ghafula, kwa hiyo usingoje siku yenyewe. Mpeleke siku kadhaa kabla, apate kupazoea. Katika somo la fizikia tulijifunza kwamba mahali pa wazi umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hupungua ikawa robo. Ukitoa kibanda hatua 5 kutoka kwenye spika ukakipeleka hatua 20, nguvu inayofika ni sehemu moja tu ya kumi na sita. Sikio halitaona kwamba tofauti ni kubwa kiasi hicho, lakini nafuu ni ya kweli, na umbali haununuliwi dukani. Ghala la matofali lililo upande wa pili wa nyumba lafaa sana. Sauti nzito za ngoma hupenya ukutani na ardhini. Kwa hiyo, ukimweka ndani, kunja magunia uyaweke chini ya miguu ya kibanda.

2. Mpe shimo. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Tafuta sanduku la mbao au boksi gumu, kiasi cha sentimeta 40 kwa 30 kwa sungura wa kadiri. Toboa milango miwili ya sentimeta 15, ili sungura wawili wasizuiane ndani. Tandika nyasi kavu tele, aweze kuzama ndani yake. Liweke kibandani mapema, anuse, aingie, atoke, alijue kuwa ni lake.

3. Mzoeze sauti. Washa redio kwa sauti ndogo karibu naye wakati wa kula, kila siku uongeze kidogo. Akiacha kula au akipiga mguu chini, punguza. Huku kwetu tuna bahati ya kuwa na msimu wa senene, mwezi wa Novemba. Usiku taa kali huwashwa, mabati husimamishwa, jenereta hunguruma mpaka alfajiri. Uligeuze tundu la kibanda lisielekee mwangaza huo, kisha umwangalie sungura wako. Ukiona anatulia msimu wa senene, maandalio yako ya Krismasi ni mazuri. Ukiona hatulii, ungali na wakati wa kutengeneza.

4. Weka chakula tayari. Siku ya sikukuu hakuna mtu atakayekumbuka kukata nyasi, na Desemba mvua zetu ni nyingi. Kata siku moja kabla, uzitandaze penye hewa na kivuli zinyauke. Nyasi kavu ziwe ndizo nyingi, na majani ya viazi vitamu yawe nyongeza. Usimpe majani ya mparachichi, ya viazi mviringo wala ya nyanya, kwa kuwa yana sumu. Maji yawe safi na ya kutosha.

5. Kagua komeo na miguu ya kibanda. Sikukuu huleta wageni, na wageni wengine huja na mbwa. Komeo liwe lile ambalo mtoto wala mbwa hawezi kulifungua. Kibanda kikiwa nje, simamisha miguu yake katika makopo yenye mafuta machafu ya gari, kwa maana siafu wa wakati wa mvua humla sungura aliyefungiwa.

6. Fanya hesabu ya mimba. Sungura huchukua mimba siku 31 hivi. Jike akipelekwa kwa dume katikati ya Novemba atakuwa na watoto wachanga wakati wa sikukuu. Yafaa kungoja.

7. Patana na watu wa nyumbani. Sungura siku ya Krismasi ana adui mmoja zaidi, nalo ni sufuria. Msicheke. Kama sungura wako si wa kitoweo, mwambie mpishi mapema, wala si baada ya kunusa harufu ya mchuzi.

Mambo ya Kufanya Siku Yenyewe

Mlishe mapema jioni, kabla ya makelele kuanza. Funika kibanda kwa gunia au blanketi kuukuu pande tatu, ukiacha upande mmoja wazi, ule usioelekea karamu. Usimtenge na mwenzake aliyemzoea, kwa sababu wawili hufarijiana. Lakini usimletee mgeni siku hiyo, watapigana. Usimtoe nje kumwonyesha mtu ye yote. Mweke mtoto mkubwa awe mlinzi, na umpe sababu, kwa maana mlinzi asiyejua sababu hushawishiwa kwa andazi moja.

Makombo ya sikukuu si chakula chake: pilau, mkate, biskuti na pipi huharibu tumbo lake, na rubisi ni ya watu wazima wala si ya mzaha na mnyama. Usimweke katika jiko lenye moshi. Wala usiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ukidhani anasikia baridi. Hewa yake huua sungura na mtu pia.

Kama huna budi kumshika, usimnyanyue kwa masikio kamwe. Mkono mmoja uwe chini ya kifua na wa pili ubebe matako, kisha umkaze kifuani pako, kichwa kikiwa kimefichwa kwapani. Kelele ikianza ghafula, chuchumaa, ili akiruka asianguke kutoka mbali.

Mambo ya Kufanya Siku ya Pili

Asubuhi nenda ukakague kabla hujanywa chai. Tazama chakula kimepungua kiasi gani. Tazama kinyesi, kwa kuwa kinyesi ni barua ya sungura. Kikiwa cha mviringo, kikubwa na kingi, mshukuru Mungu. Kikiwa kidogo kama punje, au hakuna, matumbo yamelegea: mtulize mahali pa joto la kadiri, mpe maji na majani mabichi aliyoyazoea, na kama hali mpaka adhuhuri umwite afisa mifugo. Usimpe dawa za binadamu. Akiburuta miguu ya nyuma, mlaze katika boksi lenye nyasi, usimvute wala kumnyosha, umpeleke kwa mtaalamu.

Mwaka Uliofuata

Mwisho wa kidato cha pili nilirudi nyumbani na orodha hiyo katika daftari. Nilikuta kwamba ndugu yangu alikuwa amempeleka Majivu kwa dume wa jirani katikati ya Novemba, nami nikiwa shuleni. Basi siku tano kabla ya Krismasi alizaa watoto sita. Hivyo nikawa na roho saba za kulinda.

Ghala nilikuwa nalo, na shimo nilikuwa nalo. Lakini spika zilikuwa za baba mdogo. Nilimwendea asubuhi alipokuwa peke yake, nikamwamkia, "Shikamoo, baba mdogo." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba azihamishe spika upande wa barabarani, zielekee mbali na ghala. Akacheka, akasema, "Yaani mwaka huu muziki wangu utaamriwa na sungura?" Nami sikuwa na jibu jingine ila la kweli. Nikasema, "Baba mdogo, mwaka jana mwanao ndiye aliyekuwa amemshika Kahawa. Hata leo bado ananiuliza." Akanyamaza kitambo. Kisha akaenda akazibeba spika mwenyewe.

Nasimulia hayo kwa sababu wanafunzi wengi hudhani hawawezi kuwaambia wakubwa neno. Kuwaamuru hatuwezi, wala haifai. Kuwaomba kwa adabu, mapema, na kwa sababu iliyo wazi, twaweza. Sikumwomba azime muziki. Niliomba augeuze tu, na sikukuu haikupungua utamu.

Wala msidhani nilifanya yote sawasawa. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya niliingiwa na woga nikafunika kibanda chote kwa turubai, pande zote nne, ati nizuie kelele. Saa nne usiku nilipochungulia, Majivu alikuwa anahema upesi upesi, masikio yake ni ya moto. Nikalitoa turubai, nikafungua dirisha la ghala, nikampangusa masikio kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo. Baada ya muda akatulia. Hivyo nilijifunza kwamba anayekinga kelele kwa kuziba hewa ameleta hatari nyingine.

Saa sita usiku fataki zikalia kama mwaka uliopita. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nikisema polepole kwa sauti yangu ya kila siku. Majivu alipiga mguu chini mara tatu, akaruka mara moja tu, akaingia shimoni mwake. Sikumwona tena mpaka kelele zilipopungua, ndipo pua yake ilipochomoza, ikinusa. Asubuhi nilihesabu watoto. Mmoja alikuwa ametoka nje ya tandiko lake, amepoa. Nilimpasha joto viganjani, nikamrudisha kwa wenzake. Wote sita walikuwa hai, na Majivu alikuwa anakula.

Yule mtoto wa baba mdogo alikuja mlangoni, asiingie. Nikamwambia aketi mkekani, anyoshe miguu, aweke jani la kiazi kitamu mapajani, asimguse sungura ila sungura amwendee mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyodhani mtoto wa miaka saba aweza kukaa. Majivu akaja, akala jani. Mtoto hakusema kitu. Akaniangalia tu.

Si Kwetu Tu

Shida hii si ya Kagera peke yake. Uingereza hulipua fataki kila tarehe 5 Novemba kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kuliteketeza Bunge lao kwa baruti. Kule chama cha kuwahurumia wanyama kilichoanzishwa mwaka 1824 hutoa ushauri kwa wafugaji, na ushauri wake wafanana sana na wa bwana mifugo wetu: nyasi nyingi za kujichimbia, na kibanda kifunikwe sehemu tu, si chote. Tena mwaka 1979 baraza moja la nchi hiyo liliweka haki tano za mnyama anayefugwa, na mojawapo ni kuepushwa na hofu na mateso. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa hiyo kumhurumia mnyama si deko la watoto. Ni jambo ambalo taifa zima limeliandika.

Basi, wasomaji wenzangu, siwaambii msifurahi. Chezeni, imbeni, kuleni. Yaliyosemwa juu ya Krismasi na Mwaka Mpya ni hayo hayo kwa Idd, kwa harusi na kwa sherehe za Uhuru. Lakini kabla ya kuwasha muziki, jiulizeni swali la bwana mifugo: je, sungura wangu ana shimo la kuingia? Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mimi niliisikia methali hiyo tangu darasa la pili, na niliielewa chini ya mgomba.

Maswali ya Kujipima

1. Sungura wa porini na sungura wa kibandani hutofautianaje wanaposhtuka?
2. Kwa nini sungura aweza kuvunjika uti wa mgongo bila ya kuanguka?
3. Kibanda kikihamishwa kutoka hatua 10 hadi hatua 20 mbali na spika mahali pa wazi, nguvu ya sauti inayofika hubaki sehemu gani?
4. Mwandishi alikosea nini alipotumia turubai? Wewe ungefanyaje?
5. Jike amepelekwa kwa dume tarehe 24 Novemba. Yamkini atazaa tarehe gani, na je, tarehe hiyo yafaa?
6. Tunga mazungumzo mafupi ambayo ungemwomba mkubwa wako ahamishe spika, kwa adabu na kwa sababu.